Ubongo wa mama mjamzito: lipi ni la homoni, lipi ni la chakula?

Kuna kauli mbili zinazozunguka sana mitandaoni kuhusu wajawazito. Ya kwanza inasema mtoto aliye tumboni "anamla mama ubongo", na ndiyo maana mama huanza kusahau funguo, majina ya watu na miadi. Ya pili hujitokeza kama tiba ya ile ya kwanza: kula samaki, mayai na vidonge vya omega, ubongo utarudi mahali pake. Kila moja ina chembe ya ukweli, ndiyo maana zinaaminika. Lakini zinachanganya mambo mawili yenye visababishi tofauti. Lipo badiliko la umbo la ubongo, ambalo kwa tunavyojua ni kazi ya homoni. Halafu upo uwezo wa ubongo kufanya kazi yake ya kila siku, ambao unategemea sana kilichomo ndani ya damu. Chakula kinaingia hapa pa pili.

Tukubaliane pia kwamba hapa tunazungumzia ubongo wa mama mwenyewe. Inabidi kulisema, maana karibu ushauri wote wa lishe ya ujauzito humtazama mtoto: akili yake, uzito wake, mgongo wake. Mama huonekana kama njia tu ya kupitishia chakula. Wakati huohuo ubongo wake, ambao ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, unaendelea kudai takriban asilimia 20 ya nishati yote ya mwili, mimba ikiwepo au isiwepo.

Je, ni kweli ubongo unapungua?

Ndiyo, kwa vipimo unapungua. Mwaka 2002 watafiti wa London walionyesha kwa picha za MRI kwamba ubongo wa mjamzito husinyaa kidogo kadiri mimba inavyokua, kisha hurudi katika ukubwa wake ndani ya miezi sita hivi baada ya kujifungua. Mwishoni mwa 2016 Elseline Hoekzema na wenzake walitoa matokeo ya kina zaidi. Walikuwa wamewapima wanawake kabla hawajapata mimba yao ya kwanza, wakawapima tena baada ya kujifungua. Mada ya kijivu, yaani sehemu ya ubongo yenye miili ya seli za neva, ilikuwa imepungua katika maeneo yanayotusaidia kusoma hisia na nia za watu wengine. Miaka miwili baadaye upungufu huo ulikuwa bado upo.

Kisha mwaka 2024 ukachapishwa utafiti wa mwanamke mmoja tu, Elizabeth Chrastil, ambaye ni mwanasayansi wa ubongo na aliamua kuwa yeye mwenyewe wa kupimwa. Alipigwa picha mara 26, kuanzia kabla ya kutunga mimba hadi miaka miwili baada ya kujifungua. Mada ya kijivu ilipungua hatua kwa hatua, sambamba na kupanda kwa homoni za estradioli na projesteroni. Mada nyeupe, yaani nyuzi zinazounganisha eneo moja la ubongo na lingine, ziliimarika hadi miezi ya katikati ya ujauzito, kisha zikarudi zilivyokuwa.

Neno "kupungua" ndilo linaloleta hofu, nami nadhani waandishi wa habari wamelitumia kizembe. Kupungua kwa mada ya kijivu hutokea pia wakati wa balehe, na hakuna anayesema kijana wa miaka kumi na mitano anapoteza akili. Ubongo unapojipanga upya kwa kazi mpya hupunguza miunganisho isiyohitajika na kuacha ile inayotumika. Katika utafiti wa Hoekzema, akina mama waliokuwa na mabadiliko makubwa zaidi ndio walioonyesha ukaribu zaidi na watoto wao. Mtu hawezi kuyazuia mabadiliko haya kwa mayai, wala hana sababu ya kutaka kuyazuia.

Na kusahau? Mwaka 2018 watafiti wa Australia walikusanya tafiti 20 zilizolinganisha wajawazito na wanawake wasio na mimba. Wajawazito walipata alama za chini kidogo katika kumbukumbu na umakini, hasa miezi mitatu ya mwisho, lakini bado walikuwa ndani ya kiwango cha kawaida. Mama huliona badiliko hilo mwenyewe na watu wake wa karibu huliona, ila halimzuii kufanya kazi yake.

Hapa ndipo penye hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Kwa kuwa kila mtu anajua wajawazito husahau, kila kusahau, kila uchovu na kila huzuni hutupiwa kapu la "ni mimba tu". Ndani ya kapu hilo hujificha mambo ambayo yana kipimo na yana tiba, na mengi kati yake yanatokana na kilichokosekana kwenye chakula.

Damu inaongezeka, lakini maji ndiyo yanayoongezeka zaidi

Tuanze na madini ya chuma, kwa sababu ndiyo yanayowagusa wengi zaidi. Katika ujauzito kiasi cha damu mwilini hupanda kwa karibu nusu. Lakini sehemu ya majimaji huongezeka kuliko chembe nyekundu. Ni kama mchuzi ulioongezwa maji kwa sababu wageni wamezidi: viungo ni vilevile au vimeongezwa kidogo tu, na ladha inapwaya. Kupwaya kiasi ni kawaida na mwili umekutarajia. Shida huanza pale ambapo hakuna akiba ya kuongezea. Himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ikishuka chini ya gramu 11 kwa desilita (10.5 katika miezi mitatu ya katikati), hapo tunasema mjamzito ana upungufu wa damu. Duniani kote zaidi ya theluthi moja ya wajawazito wako katika hali hiyo, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani.

Wengi huelewa upungufu wa damu kama suala la nguvu za mwili: kuhema, kizunguzungu, miguu mizito. Ubongo nao unahusika moja kwa moja. Chuma hubeba oksijeni, lakini pia ni kiungo cha lazima kwa vimeng'enya vinavyotengeneza dopamini na serotonini, kemikali zinazobeba ari, umakini na utulivu wa hisia. Mama aliyeishiwa chuma anaweza kuwa mwepesi wa hasira, asiyeweza kushika jambo moja kwa dakika tano, na asiyelala kwa sababu miguu inamwasha kwa ndani kila akijinyoosha kitandani. Hilo la miguu kutotulia usiku ni dalili inayojulikana ya upungufu wa chuma, na wengi hawaitaji kliniki kwa sababu wanaona haya au hawaoni uhusiano.

Akiba ya chuma inaweza pia kuisha kabla himoglobini haijashuka. Kwa hiyo kuambiwa "damu yako iko sawa" hakumaanishi akiba ipo. Kipimo cha feritini ndicho kinachoonyesha akiba, na mama mwenye dalili ana haki ya kukiulizia.

Ujauzito mzima hudai takriban gramu moja ya chuma, na ni vigumu kuipata yote kwenye sahani. Ndiyo maana wajawazito hupewa vidonge vya kuongeza damu: Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku pamoja na miligramu 0.4 za asidi ya foliki. Chakula bado kina kazi yake. Chuma cha nyama, samaki na kuku hufyonzwa vizuri. Cha maharage na mboga za majani hufyonzwa kwa shida, lakini hufyonzwa zaidi kikiliwa pamoja na matunda yenye vitamini C. Chai na kahawa hufanya kinyume chake, kwa hiyo kumeza kidonge kwa chai ni kujipunja. Vidonge vya kalsiamu navyo vimezwe saa nyingine, si pamoja na vya chuma.

Wapo wanaoamini vinywaji vyekundu huongeza damu, lakini rangi nyekundu ya kinywaji haina uhusiano wowote na chuma kilichomo. Na wale wanaotamani kula udongo au kutafuna barafu wasichekwe. Tamaa hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma. Lakini udongo wenyewe hauutibu: unaweza kukishika chuma tumboni kisifyonzwe, na unaweza kubeba mayai ya minyoo au madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mama na wa mtoto.

Tezi ndogo ya shingoni

Madini joto, yale yanayotiwa kwenye chumvi, hutumiwa na tezi ya thairoidi kutengeneza homoni zinazoamua mwili na ubongo viende kwa kasi gani. Katika ujauzito tezi hiyo hulazimika kuzalisha karibu nusu zaidi ya kawaida, na mahitaji ya madini joto hupanda kutoka mikrogramu 150 hadi 250 kwa siku. Ikishindwa, mama huwa mzito wa kufikiri, msahaulifu, mwenye kuhisi baridi, mwenye choo kigumu na huzuni. Soma tena orodha hiyo: kila kitu ndani yake kinaweza kusemwa ni "mimba tu". Kipimo cha damu ndicho kinachotofautisha. Kwa kinga, chumvi ya kawaida yenye madini joto pamoja na samaki, maziwa na mayai husaidia sana. Hakuna sababu ya kuzidisha chumvi, na madini joto yakizidi mno nayo huivuruga tezi ileile.

Samaki, omega na ahadi zilizopitiliza

DHA ni aina ya mafuta ya omega-3 ambayo ubongo umejengwa nayo kwa sehemu. Miezi mitatu ya mwisho mtoto huhitaji DHA nyingi, na kondo la nyuma huivuta kutoka kwenye damu ya mama. Kiwango cha mama hushuka na huchukua miezi kadhaa baada ya kujifungua kupanda tena. Hii ndiyo chembe ya ukweli iliyozaa hadithi ya mtoto kumla mama ubongo. Panya mama walionyimwa omega-3 wakati wa mimba walipatikana na DHA pungufu kwenye ubongo baada ya kuzaa. Lakini panya hao walikuwa wamenyimwa makusudi, na kushuka kwa DHA ndani ya damu ya binadamu si sawa na kusema ubongo wake umeliwa. Mama ana akiba kwenye mafuta ya mwili, na homoni za ujauzito huliongezea ini uwezo wa kutengeneza DHA kutokana na mafuta mengine.

Mwaka 2002 ulitoka uchambuzi ulioonyesha kwamba nchi ambazo watu wake hula samaki kwa wingi zina visa vichache vya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, baada ya kujifungua. Mantiki ilionekana tamu, na soko la vidonge likaipokea kwa mikono miwili. Ikaja zamu ya kupima kwa haki. Huko Australia wajawazito karibu 2,400 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakameza mafuta ya samaki yenye miligramu 800 za DHA kila siku, nusu wakameza mafuta ya mboga, bila kujua nani kapewa nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Sonona ilikuwa ileile katika makundi yote mawili. Nchi zinazokula samaki wengi zinaweza kutofautiana na nyingine kwa mambo mia, na samaki akawa ndiye aliyeonekana tu.

Hii haimfanyi samaki kuwa bure. Ana protini, madini joto, vitamini B12, na ushahidi mwingine unaonyesha omega-3 hupunguza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati. Kula samaki mara mbili kwa wiki ni ushauri mzuri. Waepukwe wakubwa wanaokula samaki wenzao, kama papa na nduaro, kwa sababu hukusanya zebaki. Dagaa na samaki wadogo wa mafuta ni salama zaidi. Asiyekula samaki kwa sababu yoyote ile hajauhukumu ubongo wake.

Kutapika kusikoisha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo uhusiano wa chakula na ubongo wa mama ulipo wa haraka na wa hatari kuliko kwingine kote, na ndipo watu hupachukulia kwa wepesi.

Kichefuchefu cha ujauzito huanzia kwenye ubongo. Mwaka 2023 kundi la watafiti, akiwamo Marlena Fejzo, lilionyesha kwamba homoni iitwayo GDF15, inayozalishwa kwa wingi na mtoto na kondo lake, huchochea eneo la shina la ubongo wa mama linalosimamia kutapika. Wanawake ambao miili yao haikuizoea homoni hiyo kabla ya mimba ndio huumwa zaidi. Kwa hiyo maneno kama "anadeka" au "hamtaki huyo mtoto" hayana msingi wowote.

Wengi hupona wakivuka miezi mitatu au minne. Lakini wachache hutapika kila wanachomeza, kwa wiki nyingi. Hapo huisha vitamini B1, yaani thiamini, ambayo ubongo huitumia kugeuza sukari kuwa nishati. Mwili hauna akiba kubwa ya B1: inatosha kwa wiki mbili hadi tatu tu. Ikiisha, baadhi ya seli za ubongo huanza kufa njaa hata kama sukari ipo. Mama huchanganyikiwa au husinzia isivyo kawaida, macho hucheza au huona vitu viwili viwili, na mwendo huwa wa kuyumba. Si lazima dalili zote tatu zije pamoja. Ikicheleweshwa, hali hii inaweza kumwachia mama ulemavu wa kudumu wa kumbukumbu, au kumuua.

Tiba yake, thiamini, ni rahisi na ya zamani. Mtego uko kwenye dripu ya sukari: mama aliyetapika kwa wiki kadhaa akiwekewa glukosi kabla ya kupewa thiamini, ile B1 ndogo iliyobaki huteketezwa kuichoma sukari hiyo, na hali inaweza kuporomoka ndani ya saa chache. Familia inayompeleka mama wa namna hii hospitali inafaa iseme waziwazi ametapika kwa wiki ngapi, na iulize kuhusu vitamini B1. Si kuwafundisha wauguzi kazi yao. Ni kuwapa taarifa ambayo mgonjwa aliyechanganyikiwa hawezi kuitoa.

Kalsiamu, kahawa na kula kwa ajili ya wawili

Kifafa cha mimba ni tatizo la mishipa ya damu na shinikizo, lakini anayelipa ni ubongo: kichwa kuuma vikali, kuona maluweluwe, kisha degedege. Chakula kina nafasi moja iliyothibitishwa hapa. Pale ambapo watu hupata kalsiamu kidogo kwenye mlo, vidonge vya kalsiamu hupunguza uwezekano wa shinikizo hilo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku; majaribio mawili makubwa, moja India na jingine Tanzania, yaliyochapishwa 2024 yalionyesha miligramu 500 zinaweza kutosha vilevile. Kukata chumvi, kwa upande mwingine, hakujaonyesha kukizuia. Na dalili zikishaanza, suala la chakula limekwisha. Ni hospitali siku hiyohiyo.

Kahawa na chai hukaa mwilini muda mrefu zaidi katika ujauzito, kwa sababu ini huivunja kafeini taratibu. Kuelekea mwisho wa mimba kikombe cha alasiri bado kinafanya kazi usiku wa manane. Wataalamu wengi huweka kikomo cha miligramu 200 za kafeini kwa siku. Kabla ya kununua kidonge cha kuongeza kumbukumbu, mjamzito anayesahau na asiyelala aanze kwa kukisogeza kikombe hicho asubuhi.

Na kula kwa ajili ya wawili? Miezi mitatu ya kwanza mwili hauhitaji nishati ya ziada. Baadaye nyongeza ni kama kilokalori 340 kwa siku, kisha 450 hivi mwishoni, kiasi cha mlo mdogo mmoja. Kinachopanda sana ni mahitaji ya madini na vitamini, na ndiyo maana sahani kubwa ya wanga mtupu inaweza kushibisha tumbo na kuuacha ubongo na njaa.

Pale chakula kisipofika

Takriban mjamzito mmoja kati ya kumi duniani hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na baada ya kujifungua idadi hiyo hufika asilimia 13. Katika nchi zinazoendelea ni juu zaidi. Mlo duni na sonona huenda pamoja, lakini sonona inaweza kuwa ndiyo iliyotangulia, kwani asiye na hamu ya kuishi hana hamu ya kupika. Kumwambia ale vizuri atapona ni kumwongezea lawama. Kinachofaa ni kupima kwanza vile vinavyopimika, damu, thairoidi, na B12 kwa asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa. Hii B12 isisahaulike, kwa sababu asidi ya foliki inaweza kuisawazisha damu huku upungufu wa B12 ukiendelea kuharibu neva kimyakimya. Ganzi ya nyayo ni dalili ya kutajwa. Vipimo vikiwa safi na huzuni ikabaki zaidi ya wiki mbili, kinachohitajika ni tiba ya sonona yenyewe, ya mazungumzo au dawa, na zipo zinazotumika wakati wa ujauzito na wa kunyonyesha.

Vidonge vya chuma vinaweza kuendelea kwa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, hasa pale ambapo upungufu wa damu ni wa kawaida. Mama aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua anastahili kupimwa upya, si kusubiri damu irudi yenyewe. Wengi huacha vidonge vya chuma siku mtoto anapozaliwa, wakiamini vilikuwa vya mtoto.